Udhuru wa Kazi

Kwetu Kilimanjaro, mtu asiyeonekana nyumbani anahitaji neno moja tu la kumtetea: yuko kazini. Amekosa kipaimara cha mpwa wake? Yuko kazini. Hajaja kumwona shangazi aliyelazwa Mawenzi? Kazi imembana. Anaweza kupotea mwaka mzima, ilimradi Desemba apande basi aje “kuhesabiwa”, kama wanavyotutania watani zetu, na ilimradi siku akifa aletwe azikwe kwao. Katikati ya hapo hadaiwi maelezo. Nimewasikia wazee wakilaumu pombe, wakilaumu wakwe, wakilaumu makanisa mapya. Kazi sijasikia ikilaumiwa.

Nami niliishi chini ya udhuru huo miaka yangu yote ya Dar es Salaam, nikiwa mhasibu, hadi kazi yenyewe ilipoacha kujali niko wapi. Hapo ndipo nilipoanza kuulizwa maswali ambayo zamani ajira ilikuwa inanijibia.

Kuhama katika familia yetu hakukuanza na mimi. Baba alizaliwa Kibosho, mtoto wa kati katika nyumba yenye wavulana wengi. Desturi ya Wachagga kuhusu kihamba, yaani shamba la ukoo, inajulikana: kifunguamimba hupewa chake, kitindamimba hubaki na nyumba ya baba, migomba yake, kahawa yake, na kazi ya kuwatunza wazazi mpaka mwisho. Wa kati hujitafutia. Enzi za mababu kujitafutia kulikuwa kusafisha pori la jirani kwa idhini ya mangi na kupanda masale kuzunguka mpaka. Baba alipokuwa kijana masale ya mlimani yalikuwa yameshagusana, pori limekwisha. Waliosoma wakashika ualimu na ukarani, wakatawanyika hadi Mwanza na Mbeya. Yeye, aliyeishia darasa la nne, akateremka.

Aliteremkia Chekereni, kwenye tambarare ya kusini mwa mji wa Moshi, njia ya kwenda kiwanda cha sukari cha TPC, katika ile miaka ya vijiji vya ujamaa iliyofuata Azimio la Arusha la 1967. Kwa watu wa juu, tambarare palikuwa mahali pa kulima mahindi na kurudi kulala mlimani kwenye baridi. Waliogopa joto na mbu, na kuhusu mbu hawakukosea: mpaka leo watafiti wa malaria wa hospitali ya KCMC hawaishi kuja katika kata yetu ya Mabogini. Nilisimuliwa kwamba Bibi alimlilia mwanawe kama anayekwenda vitani, ingawa asubuhi isiyo na mawingu ungeweza kusimama mlangoni kwetu ukaonyesha kwa kidole msitu ulio juu ya Kibosho.

Kisha maji yakaja. Mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliojengwa kwa mkopo na utaalamu wa Japani, ulikamilika 1987, ukichota mito ya Njoro na Rau. Mashamba yakapimwa upya yakawa ploti za mita 30 kwa 100, kila moja na mfereji wa kuingizia maji na mwingine wa kuyatoa. Nilikuwa mdogo, ninachokumbuka vizuri ni matrekta yakivuruga tope na sisi watoto tukifukuzwa kwenye matuta ya majaruba. Miaka miwili baadaye mkataba wa kimataifa uliokuwa ukigawa soko la kahawa ukavunjika, bei ikaporomoka. Baba, aliyeshuka kwa kukosa kihamba, akawa ndiye anayepeleka mchele Kibosho kwa kaka yake mwenye kihamba. Hakujisifu mbele yetu. Ila alipofariki, 2009, tulikuta ameacha neno kwamba azikwe Chekereni, pembeni ya nyumba yake. Wazee wa ukoo walinuna mazishi yote.

Nayaeleza haya kwa sababu siku hizi wanaosifu kazi za mtandaoni husema kana kwamba kabla ya intaneti kila mtu alikaa pale kazi ilipomweka. Baba hakumfuata mwajiri. Alifuata ardhi, kisha maji yakamshikilia, na mwishowe alibaki kwa sababu alitaka kubaki. Sababu hizo tatu zilimjia katika umri tofauti, na kila moja aliipima mwenyewe. Sisi watoto wake tuliosoma ndio tuliopata bahati ya kutopima.

Mimi niliondoka kwa njia ya kawaida. Mwaka 2005 nilikwenda kusoma uhasibu chuo cha IFM, nikapata kazi, nikapanga chumba Tabata, nikaolewa na mwalimu, tukaanza kujenga Kigamboni tofali kwa tofali. Sikumbuki usiku hata mmoja niliokaa nikijiuliza niishi wapi. Katika umri ule huamui. Unakwenda wanakokwenda wenzako, na ukifika unaita mahali hapo kwako kwa sababu ndipo unapolipia kodi. Kwa Mama nilikuja Krismasi na kwenye misiba mikubwa. Midogo nilituma rambirambi kwa M-Pesa.

Machi 2020 korona ilipoingia, Tanzania haikujifungia. Mabasi yalitembea, masoko yalijaa. Lakini makao makuu ya kampuni iliyoniajiri yako Nairobi, na kuanzia Aprili watu walipigwa marufuku kuingia na kutoka Nairobi. Agizo la kufanyia kazi nyumbani likatufikia na sisi wa tawi la Dar. Shule zilikuwa zimeshafungwa. Nikawabeba watoto na laptopu nikaja Chekereni kusubiri mambo yapite. Yalipopita, shule zikafunguliwa, tukarudi Kigamboni, lakini ofisini hatukurudi. Wakubwa walikuwa wamepiga hesabu ya kodi ya jengo wakaona kwamba vitabu vinafungwa kila mwezi bila sisi kukalia viti vyao. Waliachia ghorofa, wakabakiza chumba kimoja cha mikutano.

Mwaka uliofuata Mama akapata kiharusi.

Tuko wanne. Dada mkubwa ni muuguzi Leicester, Uingereza. Kaka anayemfuata ana duka la vipuri Kahama. Mimi ni wa tatu. Kitinda wetu ni dereva wa malori ya masafa marefu: Dar, Tunduma, Zambia, hadi Lubumbashi, na foleni ya mpakani Kasumbalesa inaweza kummeza siku nyingi kuliko safari yenyewe. Kwa desturi, aliyepaswa kuwa nyumbani na Mama ni yeye. Kikao kilifanyika usiku kwa simu, kila mtu akiwa kwake, na hakikuwa kirefu. Dada ana zamu za wodi. Kaka akifunga duka wateja wanahamia kwa jirani. Kitinda hawezi kuendesha lori akiwa Chekereni. Pakawa kimya kidogo, halafu Dada akasema kwa sauti ya upole, “Lakini wewe, mdogo wangu, si unaweza kufanya kazi popote?”

Hakuna aliyeona ubaya wa swali lile, na kweli halikuwa na ubaya. Lilinionyesha tu jambo ambalo sikuwa nimeliona. Kijana akisikia kuna kazi isiyo na ofisi, akilini mwake huja ufukwe wa Nungwi. Familia ikisikia habari hiyohiyo huona mtu wa kumpeleka mgonjwa kliniki. Huko Marekani, tangu 2018, mji wa Tulsa katika jimbo la Oklahoma umekuwa na mpango wa kuwapa dola 10,000 wafanyakazi wa mtandaoni wakikubali kuhamia huko, fedha zikitoka kwa mfuko wa hisani. Jirani zetu Kenya walianzisha 2024 kibali maalumu cha kuwavutia wageni wa aina hiyo. Kote huko mtu mwenye kazi ya mtandaoni ni mgeni anayebembelezwa. Mimi nilikuwa binti wa nyumbani ambaye udhuru wake umekwisha muda.

Sitaki kujifanya nilitolewa kafara. Nilikuja kwa hiari, na kwa haraka. Lakini hiari ile ilikuwa ya ajabu: kaka na dada zangu hawakuulizwa kama wanampenda Mama, maana kazi zao ziliwajibia. Mimi ningekataa, ingekuwa nimekataa mimi.

Kuhusu kazi yenyewe sina mengi. Minara ya simu ipo, bando nilinunua la mwezi, nikajua upande gani wa nyumba unashika vizuri: ukuta wa mashariki, karibu na tangi la maji. Umeme ukikatika nina betri na sola. Adui mkubwa alikuwa masika. Mvua ya Aprili ikianza kupiga bati, mkutano umekwisha. Wenzangu wa Nairobi walijifunza kusoma midomo. Mashine ya kukoboa mpunga ya jirani nayo ilipowashwa taa zote zilififia. Agosti 2022 shirika la simu la TTCL lilizindua intaneti ya kasi Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, ili mpanda mlima aweze kurusha picha papo hapo. Nilifurahi kwa niaba ya watalii. Nilikuwa nimesimama kwenye tuta la jaruba, simu juu, nikisubiri faili la mishahara lipande.

Kijiji nacho kilichukua muda kunielewa. Mtu mzima, mwenye digrii, mchana kweupe yuko nyumbani. Bila shaka amefukuzwa. Mzee mmoja wa kanisa alinijia taratibu akaniuliza kama niwekwe kwenye maombi. Mama mwenyewe, ulimi ulipoanza kumrudia, aliniuliza asubuhi moja, “Mwanangu, kazini utakwenda lini?” Nikamwonyesha laptopu. Akaitazama, akanitazama, akasema, “Basi ukimaliza hiyo, nipikie mtori.”

Hapo ndipo ugumu ulipokuwa. Aliyekwenda ofisini ameondoka, kila mtu anajua. Aliye nyumbani yupo, na aliyepo ana kazi za aliyepo. Mradi wetu wa maji ulipofanikiwa, watu wa vijiji vya juu ya mifereji waliona mpunga unalipa, wakafungua majaruba yao na kuyachota maji kabla hayajatufikia. Tangu hapo ploti nyingi za chini hazilimwi kila msimu, na maji yanayopatikana hugawiwa kwa zamu, mchana na usiku. Zamu ya ploti yetu ilipoangukia usiku wa manane, zamani Mama alimlipa kijana. Sasa nilikuwapo. Usikae mbali na maji ya zamu: dakika kumi ukisinzia, kuna mtu amefungua tuta lako yakaishia kwake, na asubuhi atakusalimia vizuri kabisa. Mwisho wa mwezi, tunapofunga vitabu, nimewahi kusuluhisha taarifa za benki kwa mwanga wa simu nikiwa na magwanda ya Baba na buti zilizojaa tope. Tofauti ilikuwa ndogo: kote kuna kitu kilichotoka kwenye mfereji kabla hakijafika kinapotakiwa, na unamtafuta aliyekichukua.

Mume wangu alibaki Kigamboni na watoto. Yeye ni mwalimu wa serikali, na mwalimu wa serikali hafundishi kwa mtandao. Yuko palipo na ubao wake. Tukaomba uhamisho wa kumfuata mwenza. Utaratibu huu upo kwa ajili ya watu kama sisi, mke huku mume kule, na una huruma yake. Unataka barua ya mwajiri wa mwenza inayoonyesha kituo chake cha kazi. Kampuni yangu ikaandika ukweli iliokuwa nao: kituo cha kazi, Dar es Salaam. Kwa mujibu wa karatasi ile, mume wangu alikuwa tayari anaishi na mimi. Nilikwenda kueleza mwenyewe kwenye ofisi moja. Ofisa alinisikiliza vizuri, akafikiri, kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa na la kulijibu: “Sasa mama, kesho wakikwambia urudi ofisini, huyu mwalimu tumrudishe tena?”

Alikuwa sahihi zaidi kuliko nilivyotaka awe. Uhamisho ni ahadi ya miaka. Kazi yangu ya mtandaoni ilikuwa ruhusa, na ruhusa hutolewa na mwenyewe na kurudishwa na mwenyewe. Wanandoa wengi siku hizi wana mmoja wa kila aina ndani ya nyumba, mmoja ana mizizi na mwingine ana bando, na nadhani hatujazoea kuona kwamba mwenye mizizi ndiye anayeamua. Mabosi wangu wangeweza kunipa dunia nzima ya kuchagua; mimi ningechagua ndani ya halmashauri inayomhitaji mwalimu wa hisabati.

Tulifanikiwa kwa njia ya walimu wenyewe, kubadilishana. Kwenye makundi ya WhatsApp ya walimu kuna soko zima la matangazo ya namna hiyo, nipo wilaya fulani natafuta wa kubadilishana naye, na mume wangu alikaa humo mpaka akajua wilaya za nchi hii kwa matangazo yake. Hatimaye akapatikana mwalimu wa Moshi Vijijini aliyetaka kumfuata mumewe, askari, Dar es Salaam. Mwanzoni mwa 2023 walibadilishana. Nyumba ya Kigamboni tukaipangisha, watoto wakaja. Mkubwa alilia, mdogo aliuliza kama kuna bahari.

Kuna jambo jingine, na hili ndilo zito. Nilikuwa nikiishi katika nyumba ya kitinda, nikifanya kazi za kitinda, kwa mshahara wangu. Bati jipya nililipa mimi. Choo cha ndani, kwa ajili ya Mama, mimi. Mbolea, mbegu ya SARO 5, vibarua wa kupandikiza, vijana wa kufukuza kwelea kwelea wakati mpunga unatia maziwa, mimi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema haki ya mwanamke kupata na kumiliki ardhi ni sawa na ya mwanamume, na kwenye semina kila mtu hutikisa kichwa kukubali. Lakini baba yangu mdogo alipokuja kutoka Kibosho kumjulia hali Mama, alitazama bati, akasifia, kisha akamwambia Mama mbele yangu, “Kijana akirudi atakuta nyumba nzuri.” Hakuwa na nia mbaya. Kwake mimi nilikuwa nimekuja kusaidia. Binti anayefanya kazi popote yuko kila mahali kwa muda tu.

Zamani mambo haya yalifichwa na umbali. Binti aliolewa akaenda, kazi ikamshika huko, na swali la urithi wake halikuulizwa kwa sababu hakuwapo wa kuliuliza. Sasa tunarudi, wengi wetu, na laptopu zetu, katika umri wa miaka arobaini ambapo wazazi wanaanguka na watoto hawajasimama, na tunakalia viti ambavyo desturi ilivichonga kwa ajili ya mtu mwingine. Desturi haijakataa. Inatusubiri tuondoke.

Mama alitutoka Agosti 2024. Miezi mitatu kabla, Mei, nyaya mbili za baharini zinazotuletea intaneti, EASSy na Seacom, zilikatika, na kwa siku kadhaa mtandao ukawa wa kubahatisha Tanzania nzima. Ofisi iliniambia nipumzike tu mpaka hali itengemae. Sikufungua laptopu. Nilikaa na Mama chini ya mwembe tukichambua mchele, akanisimulia jinsi alivyokuja Chekereni kuolewa na jinsi wenzake wa Uru walivyomcheka kwamba anakwenda kuolewa na mbu. Nilipokuwa nikienda na kurudi kwake kama mfanyakazi aliye nyumbani, nilikuwa nampa dawa na chakula kwa wakati. Masimulizi yake yote niliyonayo ni ya siku zile za nyaya kukatika na ya Jumapili.

Baada ya arobaini kila mtu aliniuliza tunarudi lini Dar. Waliuliza kwa upendo, kama unavyomwuliza mtu aliyemaliza kifungo. Nyumba ya Kigamboni ipo. Kazi haijali. Mgonjwa hayupo tena. Kwa mara ya kwanza maishani hapakuwa na mtu wala kitu kilichoniambia nikae wapi, na nilistaajabu jinsi hali hiyo inavyochosha. Mume wangu alisema yeye hahami tena mpaka astaafu, na shule aliyopo ameipenda. Hiyo ni sababu, lakini ni yake. Nikajitafutia yangu. Nilikuta nimeshachaguliwa mhazini wa kikundi cha mfereji wetu. Ukiwa mhasibu kijijini huna pa kujificha. Nilikuta najua zamu ya nani inafuata na nani amechelewa kulipa ada ya maji na kwa nini. Kigamboni, mtaani kwetu, nilijua majina ya watu wawili na mbwa mmoja. Nikabaki. Jirani zangu walipouliza sababu sikusema kazi, wala sikusema Mama. Nilisema nimependa, wakaniangalia kama mtu anayeficha deni.

Ndiyo maana sikubaliani na mtoto wa Kaka, ingawa anadhani ninajipinga. Ana miaka 23, amemaliza chuo, na anafanya kazi za mtandaoni za kunakili sauti na kupanga data kwa ajili ya kampuni za nje. Alikuja msimu mmoja kusaidia kuvuna, akaona anaweza kukaa. Anakula kwangu, halipi kodi, ana chumba chenye feni. Nimemwambia aondoke. Aende Dar, Arusha, Nairobi, popote penye watu wanaoijua kazi kuliko yeye. Mimi uhasibu sikuufundishwa na vitabu vya IFM peke yake. Niliufundishwa na meza niliyopangiwa karibu na mama mmoja mkali aliyekuwa akigombana na wakaguzi kwa simu, mimi nikisikiliza. Hakuna bando linaloleta ugomvi wa aina hiyo chumbani. Mtu wa umri wangu anaweza kuishi kwa akiba ya alichokisikia ofisini. Kijana ambaye hajawahi kukaa meza moja na wakongwe ataishi kwa akiba gani?

Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kisha akasema, “Lakini shangazi, wewe ulizunguka kote huko ukarudi hapahapa. Mimi nimefupisha safari.”

Nilicheka, na usiku nikalala na jibu. Hajafupisha chochote. Kubaki kwa Baba kulikuwa na uzito kwa sababu aliwahi kuondoka Kibosho. Alijua bei ya kukaa. Kijana huyu hajahama wala hajabaki. Yupo tu, kama nilivyokuwa mimi Tabata katika umri wake, na tofauti ni kwamba Tabata ilinilazimisha nijifunze kitu. Nimempa mpaka mavuno ya mwakani. Oktoba 2025, intaneti ilipozimwa nchi nzima wakati wa uchaguzi, alikaa siku kadhaa akitazama simu isiyosema kitu, bila malipo, kwa kuwa hulipwa kwa kipande. Mimi mshahara wangu ulikuwa palepale. Hilo nalo nadhani aliliona. Mkataba wangu nilipewa na watu wanaonijua sura.

Sasa kitinda anataka kurudi. Alinipigia akiwa kwenye foleni upande wa Zambia, amechoka, mgongo unamsumbua, ana miaka thelathini na minane na hajakaa na mkewe mwezi mzima mfululizo tangu waoane. Anataka kuacha lori, kulima ploti, na kuishi nyumbani kwao. Alisema “nyumbani kwetu” kwa namna ambayo nilisikia kabisa tumo watu wangapi ndani yake. Sikukasirika. Barabara imemla miaka yake mizuri, na hakuna kampuni iliyowahi kumwambia aendeshe lori kutokea kwenye veranda ya mama yake. Kama kuna mtu aliyestahili kuulizwa anataka kuishi wapi, ni yeye, na sisi wote tulimruka kwa sababu kazi yake ilikuwa na matairi.

Kikao ni tarehe 27 Desemba, watu wakiwa wameshahesabiwa. Baba mdogo atashuka kutoka Kibosho. Nimeandaa daftari: bati, choo, kliniki za Mama, mbolea za misimu yote, stakabadhi zimebandikwa kwa tarehe. Pendekezo langu ni kwamba nyumba iwe ya kitinda, nami nipimiwe kipande cha kujenga upande wa barabara na jina langu liandikwe kwenye hati, ploti tulime kwa zamu. Mume wangu anasema naomba kidogo. Kaka anasema naomba kikubwa. Dada wa Leicester ameandika kwamba likizo ni ngumu, tumwunganishe kwa video. Kitinda amekataa, anataka kila mtu awepo, na hilo nimemuunga mkono.